Tulitembelee Bonde Kabla ya Mvua

  Mazungumzo yetu ya juma hili ni kwa wakulima wa Tunduru, na wenzetu wote wa mkoa wa Ruvuma.

Leo sitakuambia habari za mbolea wala bei ya korosho. Leo nakuomba uvae viatu, ushike fimbo, tutoke. Tunakwenda kutembea bondeni. Tutaanzia kule juu kwenye mwinuko, tuteremke polepole mpaka ukingoni mwa bonde, tuingie kwenye nyasi, tufike mtoni, halafu tukae chini tuzungumze. Ni mwendo wa asubuhi moja tu. Lakini kijiji kikiufanya vizuri, kinaweza kuokoa maji ya miaka mingi.

Utaniuliza, kwa nini sasa? Kwa sababu mbili. Kwanza, huu ni mwezi wa Oktoba. Mvua zetu hapa ni za msimu mmoja. Huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, na huisha Aprili au Mei. Basi haya majuma yaliyobaki ndiyo majuma ya kuamua. Mwenye shoka anaamua akate wapi, mwenye jembe anaamua alime wapi. Mvua ikishanyesha kila mtu amekwisha chagua, na kumwondoa mtu kwenye shamba alilokwisha lipanda ni ugomvi.

Sababu ya pili ni hii. Ukitaka kujua kama ghala la mtu lina chakula, usiende kulitazama wakati wa mavuno. Nenda wakati wa njaa. Bonde nalo ni hivyo hivyo. Mwezi wa Machi kila bonde lina maji, hata lililokufa. Mwezi wa Oktoba maji unayoyaona ni ya akiba peke yake. Hapo ndipo utajua bonde lako lina afya au linaumwa.

Haya, nani atuongoze? Mtafuteni mzee au bibi aliyechota maji katika bonde hilo tangu utotoni. Yeye atangulie mbele. Nyuma yake waende mwenyekiti wa kitongoji, bwana shamba kama yupo, watu wa kamati ya maji, na vijana wanaotafuta mahali pa kulima. Kina mama wasiachwe nyumbani. Wao ndio wanaokwenda kuchota kila siku, na mara nyingi wao ndio wa kwanza kujua kwamba chemchemi imepungua, ila hakuna aliyewauliza.

Msiondoke alfajiri. Ondokeni saa mbili asubuhi, jua limepanda. Wilaya yetu iko katika njia ya wanyama iliyounganisha tangu zamani nyika za Selous, upande wa kaskazini, na Hifadhi ya Niassa, ng'ambo ya mto Ruvuma, katika nchi ya Msumbiji. Sehemu kubwa ya Selous tangu 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Tembo hawasomi ramani wala hawajui mpaka wa nchi. Wakati wa kiangazi wanafuata maji, na maji yako bondeni. Kama kijiji chenu kiko katika jumuiya ya wanyamapori, kama vile vijiji vya Nalika, waombeni askari wa wanyamapori wa kijiji wafuatane nanyi.

Sasa twende. Kituo cha kwanza ni huku juu, kwenye miombo.

Simama utazame miti. Mvua bado, ardhi ni kavu, vumbi linaruka. Lakini miombo imechipua. Majani mapya ni mekundu kama shaba, na baada ya majuma machache yatakuwa ya kijani. Mninga nao umetoa maua ya manjano kabla hata ya majani yake. Wenzetu wa nchi za baridi wana majira yao ya machipuko baada ya theluji. Sisi machipuko yetu ni haya, na yanakuja kabla ya tone la kwanza la mvua.

Je, miti hii inakunywa wapi? Inakunywa mvua ya mwaka jana. Maji yale yalizama katika udongo wetu wa kichanga, yakateremka chini, na mizizi mirefu ikayafuata. Sehemu ya maji hayo mti unayatumia. Sehemu nyingine inaendelea kutembea chini kwa chini, polepole sana, ikiteremka kuelekea bondeni. Ndiyo maji utakayoyakuta katika chemchemi.

Tufanye hesabu kidogo. Mvua ya milimita 1 tu ikinyesha juu ya ekari moja, hiyo ni lita 4,000 za maji, yaani ndoo 200 za lita 20. Mvua kubwa ya milimita 30 ni ndoo 6,000 katika ekari moja. Swali ni moja: ndoo hizo zinazama ardhini au zinakimbia? Penye miti, majani makavu na nyasi, nyingi zinazama. Mahali palipochomwa moto kila mwaka mpaka ardhi ikawa ngumu kama sakafu, nyingi zinakimbia, na zinakimbia na udongo wako wa juu. Kwa hiyo anayechoma mwinuko amekwisha anza kukausha bonde, hata kama hajawahi kukanyaga huko chini.

Kama shamba lako liko kwenye mteremko, lima matuta ya kukinga, usilime ya kuteremka. Wenzetu Wamatengo wa Mbinga, katika mkoa huu huu wetu, wana kilimo chao cha ngoro. Hulaza nyasi katika miraba, huzifunika udongo, na katikati huacha shimo. Mvua ikinyesha kila shimo linashika maji yake. Milima yao ni mikali kuliko yetu, na bado wamelima vizazi na vizazi. Hilo ni somo la bure.

Kabla hatujaondoka hapa, sikiliza. Huyo ndege anayelia na kuruka kutoka mti hadi mti ni mlembe. Warina asali wa hapa hawahitaji kufundishwa habari zake. Mlembe humwita mtu, humpeleka mpaka penye nyuki. Mtu hula asali, naye hupata nta. Mwaka 2016 watafiti walichapisha kazi waliyoifanya huko Niassa pamoja na warina asali wa Kiyao. Walikuta kwamba mtu anayetoa ule mlio wa jadi, "brrr-hm", huongozwa na ndege mara 66 katika kila 100. Akitembea akitoa sauti nyingine, ni kama mara 33. Babu zetu waliyajua haya bila ya karatasi. Lakini mlembe anahitaji nyuki, nyuki wanahitaji maua, na maua yanahitaji miti hii. Kwa hiyo warina asali nao wazime mienge yao vizuri. Kijinga kimoja kilichosahauliwa kinaweza kuunguza mwinuko mzima.

Basi tuteremke. Kituo cha pili ni ukingo wa bonde, pale miti inapokoma na nyasi zinapoanza.

Tembea polepole hapa, na utazame chini. Udongo unabadilika. Juu ulikuwa kichanga chekundu au cha kijivu. Hapa unaanza kuwa mweusi na mzito. Nyasi ni za kijani ingawa ni Oktoba. Ukikanyaga, ardhi inadidimia kidogo na unyayo wako unajaa maji. Hapa maji yaliyotembea chini kwa chini yamekutana na mfinyanzi, yamekosa njia, yakapanda juu. Mahali yanapotoka kwa wingi tunapaita chemchemi. Lakini fahamu kwamba chemchemi ni mdomo tu. Ukingo wote huu wenye unyevu ndio mwili wake.

Mwulizeni mzee wenu hapa: zamani maji yalianzia wapi? Huenda akawanyoshea fimbo mahali pakavu, mbali kidogo upande wa juu. Hilo ni jambo zito, na vijana walione kwa macho yao. Umbali kati ya mahali pale pakavu na mahali pa leo ndicho kiasi bonde lilichorudi nyuma katika umri wa mtu mmoja.

Nataka mwelewe vizuri habari ya ukingo huu, maana hapa ndipo tunapogombania. Udongo wake ni mzuri, una unyevu, na mboga hustawi bila shida. Kila mtu anautaka. Mmoja anachimba bustani yake, wa pili anachimba mfereji maji yasimharibie nyanya, wa tatu anapanda mikaratusi ya nguzo kwa sababu hukua upesi. Hakuna hata mmoja mwenye nia mbaya. Lakini mfereji ule unatoa maji ya akiba yote kwa haraka, mikaratusi inakunywa mchana na usiku, na chemchemi ya kijiji kizima inakauka Septemba badala ya kuvuka Oktoba. Hapo kina mama wataamka saa tisa za usiku kufuata maji mbali, katika njia ile ile ya tembo.

Basi shauri langu ni hili. Mahali chemchemi inapotokea, na upande wake wote wa juu, pasiguswe. Msilime, msichome, msikate. Pandeni au mwache miti ya asili inayopenda maji, kama mkuyu. Bustani za kiangazi ziwe chini ya chemchemi, zimwagiliwe kwa ndoo, na zisichimbiwe mifereji ya kukausha.

Na hapo hapo kwenye chemchemi kuna kazi ya kufanya leo. Chukua ndoo ya lita 20 na saa. Kinga maji, hesabu dakika mpaka ndoo ijae. Tuseme imejaa kwa dakika 2. Hiyo ni lita 10 kwa dakika, lita 600 kwa saa, lita 14,400 kwa siku nzima. Andikeni katika daftari la kijiji, pamoja na tarehe. Mwakani tarehe hiyo hiyo rudini mpime tena. Ikijaa kwa dakika 4, basi mmepoteza nusu ya maji yenu. Yawezekana ni mvua iliyokuwa haba, yawezekana ni mkono wa mtu. Mkiwa na daftari la miaka mitano mtaweza kujua. Bila daftari mtabaki kulaumiana.

Kituo cha tatu ni ndani ya bonde lenyewe, kwenye nyasi na majaruba ya mpunga.

Wataalamu wanapaita mahali hapa ardhi oevu. Mwaka 1971 mataifa yalikutana katika mji wa Ramsar, nchini Iran, wakapatana kuzilinda ardhi za namna hii, na Tanzania ilijiunga mwaka 2000. Bonde la Kilombero limo katika orodha hiyo, na vilevile maeneo ya Rufiji, Mafia na Kilwa. Bonde dogo la kijiji chako halimo. Halina mlinzi isipokuwa wewe.

Sikuambii usilime bondeni. Mpunga wa Tunduru unatoka humu, na watu wanakula. Ninachosema ni kulima kwa namna ya kuliacha bonde likiwa bonde. Mpunga wenyewe ni mmea wa majini. Haudai ukausishe ardhi. Tengeneza majaruba yenye kingo imara, maji yatulie, yazame. Usichimbe mfereji mrefu wa kupasua bonde katikati kutoka juu hadi chini. Mfereji huo mwaka wa kwanza ni mfereji, mwaka wa tatu ni korongo, na korongo likishafika kina chake hulivuta chini maji ya pande zote mbili. Mimi nawaambieni, korongo halina mwisho wa njaa.

Tazama pia wakazi wengine wa humu. Yangeyange weupe wanaokota panzi na vyura. Mdiria yuko juu ya tete, anangoja samaki. Mbayuwayu wanaoruka chini chini juu ya nyasi wamewasili siku si nyingi kutoka Ulaya. Huko baridi inaanza, nao wamefuata wadudu wetu. Hao wote wanakula wadudu wanaotuudhi. Kwelea kwelea huyo ni habari nyingine, na mazungumzo yake tutayafanya peke yake.

Katika maji yaliyotuama utaona konokono wadogo. Hapo simama uwaonyeshe watoto. Baadhi ya konokono hao ndio wanaobeba kichocho. Kijidudu hutoka kwa konokono, huogelea, hupenya ngozi ya mtu aliyeingia majini. Dawa iko, na mtoto anayekojoa damu apelekwe zahanati bila aibu. Lakini kinga ni bora. Mtu asijisaidie majini wala ukingoni. Maji ya kuogea yakikaa ndani ya chombo siku mbili nzima kabla ya kutumiwa, kijidudu hicho kinakufa. Maji ya kunywa chemsheni.

Na dawa za shambani je? Ninyi wenye mikorosho mnapuliza salfa na dawa nyingine dhidi ya ubwiriunga. Usioshe bomba lako mtoni. Usitupe chupa tupu kwenye matete. Kambale na perege wa bonde hili ni kitoweo cha watoto wako.

Sasa kituo cha nne, mtoni. Msisogee mpaka kingo za maji kama mto ni mkubwa, maana mamba hapigi hodi.

Vijito vyetu vingi huingia katika Muhuwesi na mito mingine, na mwisho wake ni Ruvuma. Kaskazini ya mkoa wetu, mito kama Mbarang'andu na Luwegu hushuka kwenda Rufiji, na maji hayo ndiyo yanayosaidia kuendesha mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere, iliyoanza kutoa umeme mwaka 2024. Kwa hiyo tone linaloponyoka katika bonde lako lina kazi mbali sana na hapa.

Katika miaka ya 1990 watu wengi walimiminika Tunduru kutafuta vito katika kokoto za Muhuwesi na vijito vyake. Wapo waliopata, wapo waliokosa. Mahali pengi mashimo yalibaki. Shimo la namna hiyo hujaa maji, huzalisha mbu, humeza mtoto au ng'ombe, na ukingo wake huporomoka kila masika. Kama wachimbaji wako kijijini kwenu, serikali ya kijiji iwatake wafukie kabla hawajahama. Mtu akishahama, kumtafuta ni kazi.

Hapa pimeni hatua. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mita 60 ni kama hatua 80 za mtu mzima. Hesabuni kwa sauti, kila mtu asikie, na mahali pa mwisho pigeni kigingi au wekeni alama ya rangi kwenye mti.

Najua utasikia sauti nyuma ikisema: "Mwanangu ana njaa, nawe unaniambia habari za hatua 80." Ndugu zangu, msimpuuze mtu huyo. Ana haki. Kama shamba lake lote liko ndani ya hatua hizo, mkutano hauwezi kumwambia aondoke tu, ukaenda kulala. Mtafutieni kipande cha kulima kwingine kabla ya mvua. Kama hakuna ardhi, mtafutieni jaruba la kushirikiana, au mizinga ya nyuki aiweke katika sehemu ile iliyofungwa. Mizinga hiyo ina faida mara mbili: inatoa asali, na ikitundikwa kwenye waya kuzunguka shamba, tembo huiogopa. Kamba zilizopakwa mchanganyiko wa pilipili na oili chafu nazo husaidia, kama wenye mashamba jirani wakiziweka wote na kuzipaka upya kila mara. Lakini wewe unayelala kwenye dungu kulinda mpunga, usilale peke yako, na usitembee usiku bila taa. Wazee wa wilaya hii wanawakumbuka simba wa miaka ya 1980, hawahitaji kukumbushwa.

Basi tumemaliza mwendo. Kaeni chini ya mti, mnywe maji, na msiondoke kabla ya kukubaliana mambo manne. Wapi ni eneo la chemchemi lisiloguswa. Wapi ni mpunga na bustani. Wapi ni njia ya tembo isiyowekewa shamba jipya mwaka huu. Na nani atakayetunza daftari la kupima maji. Maneno haya yapelekeni katika mkutano mkuu wa kijiji, yaingie katika mpango wa matumizi ya ardhi na katika sheria ndogo za kijiji. Neno lililosemwa bondeni bila kuandikwa, mvua ya kwanza hulifuta.

Jirani zenu wa upande wa juu na wa upande wa chini waiteni pia. Bonde moja mara nyingi ni la vijiji viwili au vitatu, na mfereji wa kijiji cha juu ndio ukame wa kijiji cha chini.

Ndugu mkulima, miombo imekwisha chipua. Mawingu yanakuja. Panga siku katika juma hili au lijalo, mwombe mzee atangulie, na wewe umfuate. Mzee huyo hataishi milele, na yale anayoyajua juu ya bonde lenu hayako katika kitabu chochote.

Nawatakieni matembezi mema na msimu wenye heri. Mpaka juma lijalo, kwa herini.